Barua ya Wazi: Mashine za Kukandamiza Kifua Zianzie Kwenye Ambulensi

Kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Afya, Kampala

Mheshimiwa,

Mimi ni muuguzi wa ambulensi upande wa Tororo. Usiku mmoja tukielekea Mbale, moyo wa mzee tuliyembeba ulisimama. Nilipiga magoti kando ya machela nikaanza kukandamiza kifua, lakini kila gari lilipokata kona au kupanda tuta nilirushwa ubavuni, mikono ikateleza, nikaanza upya. Mzee hakuamka.

Kifua cha mtu mzima hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, na wahudumu hupokezana kila baada ya dakika 2, kwa kuwa nguvu humwishia mtu kabla mwenyewe hajatambua. Mimi sikuwa na wa kunipokea.

Zipo mashine zinazofanya kazi hiyo kwa betri, kama LUCAS iliyoendelezwa Lund, Uswidi, ambayo pistoni yake hushuka na kupanda juu ya mfupa wa kidari bila kuchoka. Hata hivyo, siombi zinunuliwe kwa kila wodi. Katika utafiti wa PARAMEDIC, uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 4,471 na kuchapishwa mwaka 2015, waliokuwa hai baada ya siku 30 walikuwa takriban asilimia 6 upande wa mashine na asilimia 7 upande wa mikono, yaani mashine haikuishinda mikono. Wodini, ambako sakafu haitikisiki na wenzako wapo, mikono iliyofunzwa vizuri inatosha. Fedha ziende kwenye mafunzo na mashine za kushtua moyo.

Uhitaji uko ndani ya gari linalokwenda, ambako muuguzi hawezi kufunga mkanda na kukandamiza kwa wakati mmoja, na gari likipinduka naye anakuwa majeruhi. Ninaomba basi mashine za kwanza zigawiwe ambulensi za safari ndefu, zikiwa na betri za akiba na chaja ya garini, na kila timu ifanye mazoezi ya kumfungia mgonjwa mashine hadi iweze kufanya hivyo bila kuacha kukandamiza kwa zaidi ya sekunde 10, maana kwa muda wote mikono inapobabaika na mikanda, ubongo wa mgonjwa haupati damu.

Wako katika huduma,
Muuguzi wa ambulensi, Tororo