Kuhusu ile kaboni ya mfupani

Mwanahawa shoga yangu,

Huku Tanga salama, mama anakusalimia sana. Voisi yako nimeisikiliza yote, namshukuru Mungu shemeji ameanza kukanyaga mguu. Sasa hiyo habari aliyokurushia mdogo wako, eti siku hizi wanaweka kaboni na mfupa unaota juu yake, nakuandikia kwa kirefu maana haya mambo ndo nayafundisha, nayapenda, na sitaki mtu akutie tamaa ya bure.

Ipo kweli, ila sio kaboni tupu. Kuna vitu vinaitwa nanotyubu za kaboni, vijibomba vyembamba mno, unywele mmoja wa kichwani unavizidi unene mara maelfu. Vilianza kuvuma baada ya Sumio Iijima wa Japani kuviandika mwaka 1991. Vina nguvu ya ajabu lakini mwili hauvitambui, hata maji yenyewe hayashiki juu yake, sasa seli za mfupa zitashika wapi? Ndo hapo inapoingia kalsiamu fosfeti, wanavifunika nayo, hasa aina inayoitwa haidroksiapatiti, maana inafanana sana na madini ya mfupa wetu wenyewe, ambayo ni karibu theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu.

Na hawapaki kwa brashi shoga. Kwanza vijibomba vinapitishwa kwenye asidi kali, naitriki na salfuriki, ukuta wake unachubuka unapata sehemu zenye oksijeni na chaji hasi, kalsiamu kwa vile ina chaji chanya inavutwa inakaa pale, fosfeti inaifuata, fuwele zinaanza kuota. Njia ninayoipenda mimi ni ya kuloweka: wanatengeneza maji yenye chumvi kama zile za kwenye damu, joto karibu nyuzi 37, pH (kile kipimo cha uchachu) 7.4, wanaacha siku kadhaa, ule unga mweusi unaanza kufunikwa na weupe kidogo kidogo kama ukoko unavyokamata ndani ya birika. Yaani moto hauhitajiki kabisa, joto la mwili tu linatosha!

Faida yake ni kwamba haidroksiapatiti peke yake inapasuka kirahisi, haiwezi kubeba uzito wa paja, kaboni ndo inaipa ustahimilivu. Na chuma wanachowekewa watu mfupani nacho kina shida yake, titaniamu kwa mfano inazidi mfupa kwa ugumu wa kupinda kama mara 5 au 6 hivi, kwa hiyo chuma kinabeba mzigo, mfupa unakaa bila kazi unakonda. Wanatafuta kitu cha katikati.

Unayakumbuka matumbawe kule kisiwani Jambe? Mwaka 1974 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba matumbawe yanageuzwa haidroksiapatiti kwa joto na presha, na baadaye ikaja kutumika kujazia mifupa ya watu kweli. Hiyo imeshafika hospitali. Hii ya kaboni bado, mengi yako maabara na kwa wanyama, na kuna hofu ya msingi kabisa: nanotyubu ndefu na ngumu zilipojaribiwa kwa panya mwaka 2008 zilileta madhara ya kufanana na ya asbesto, ile ya mapaa ya zamani inayoharibu mapafu, na mwaka 2014 wakala wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka aina moja kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Sasa ule utando wa haidroksiapatiti ukibanduka ndani ya mwili, vijibomba vitaenda wapi? Mimi hilo mpaka lijibiwe vizuri, simshauri mtu wangu.

Kwa hiyo akitokea mtu anakuuzia dawa ya kaboni ya mifupa, usitoe hela yako. Shemeji aendelee na mazoezi na kliniki asikose, na sigara aache, mwambie ni mimi nimesema, inachelewesha mfupa kuunga. Eksirei mpya ikitoka ipige picha unirushie, nataka nione pale penye ufa pamefikia wapi.

Wako,
Zuhura