Mwanasesere aliyeshonewa nguo na Laura

Mpendwa Rehema,

Habari za siku? Huku hatujambo, ila bibi bado analalamikia goti. Umeniuliza Helen Keller, kiziwi asiyeona, alifikaje chuo kikuu. Nitakujibu, lakini ngoja kwanza nikupitishe kwa Laura Bridgman. Watu wanamsahau bure.

Laura alizaliwa Marekani mwaka 1829. Akiwa na miaka miwili hivi, homa kali ikamwachia giza na ukimya. Mwaka 1837 alipelekwa Boston, katika shule ya wasioona ya Perkins. Pale mkuu wa shule, Samuel Howe, alibandika karatasi zenye herufi zilizoinuka kwenye vitu: kijiko, ufunguo, kisu. Laura anapapasa kijiko, anapapasa karatasi. Mwanzoni alikuwa anakariri tu, kama sisi na zile hesabu za kuzidisha. Ilichukua muda kutambua kwamba kumbe yale ni majina, na kwamba na yeye anaweza kuyatumia.

Alizeekea palepale shuleni. Anne Sullivan, mwanafunzi ambaye naye macho yalimsumbua, alijifunza kuzungumza naye kwa vidole, herufi moja moja kiganjani. Basi mwaka 1887 Anne akatumwa Alabama kumfundisha Helen, mtoto wa miaka 6. Alimchukulia mwanasesere. Nguo za yule mwanasesere, Rehema, zilishonwa na Laura. Mimi mwenye macho mawili hata kifungo kinanishinda!

Helen alikuwa mkali. Alikuwa akichanganya "kikombe" na "maji", na Anne alipozidi kumrudisha kwenye somo, Helen akampigiza mwanasesere mpya sakafuni, vipande vipande, wala hakujuta. Wakatoka nje mpaka kwenye bomba. Anne akauweka mkono mmoja wa Helen chini ya maji, na kwenye mkono wa pili akaandika: maji. Hapo ndipo alipong'amua. Aliporudi ndani alivitafuta vile vipande, akajaribu kuviunganisha, akalia.

Mwaka 1904 alihitimu chuo cha Radcliffe, Anne akiwa pembeni yake miaka yote akimwandikia mihadhara kiganjani. Hebu fikiria hayo madole yalivyochoka.

Jana nilijifunga kitenge machoni, nikamwambia mdogo wangu aniandikie kitu mkononi. Nikasema "mama". Kumbe kaandika "ndizi". Ukija likizo tujaribu wewe na mimi, ila kata kucha kwanza.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Zuhura