Kasha la kazi ya sumu libuniwe likitarajia hitilafu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie makasha yanayofungiwa kazi za viwandani zenye sumu, yale ambayo mfanyakazi huingiza mikono kupitia glavu ndefu zilizofungwa ukutani mwa kasha. Nimeyafanyia kazi kwa miaka mingi, na naona kosa letu kubwa ni kuyabuni kana kwamba hayatapata hitilafu.

Kanuni ya msingi inafahamika: feni huvuta hewa kutoka ndani na kuipitisha kwenye chujio, ili shinikizo la ndani liwe dogo kuliko la chumba, na pakitokea tundu, hewa ya chumba iingie badala ya vumbi lenye sumu kutoka. Chujio la daraja la HEPA hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Hata hivyo, sehemu dhaifu kuliko zote ni glavu.

Siku moja mwenzangu alikuwa akipangusa pembe ya kasha, glavu ikanasa kwenye ncha ya skrubu. Mpasuko ulikuwa mdogo kama ukucha wa mtoto, naye hakuuona. Aliugundua alipohisi hewa ikimpuliza kwenye kidole. Feni ndiyo iliyomwokoa. Iwapo umeme ungekatika wakati ule, hakukuwa na feni ya akiba wala king'ora. Na skrubu yenyewe ingeweza kabisa kufungwa kwa nje!

Kwa hiyo pembe za ndani ziwe za mviringo, maungio yalehemiwe na kusuguliwa yawe laini, na geji ya shinikizo ikae usawa wa macho ya anayefanya kazi. Glavu nayo iweze kubadilishwa bila kasha kufunguliwa: mpya huvishwa juu ya pete ileile inayoishikilia glavu ukutani mwa kasha, kisha kuukuu ikasukumwa ikadondokea ndani.

Nawasihi wabunifu na wenye viwanda, kabla ya kukata chuma, watengeneze kielelezo cha mbao na kumwita mfanyakazi mfupi kuliko wote na mrefu kuliko wote, kila mmoja aingize mikono na kufikia kila pembe. Tundu la glavu likiwa juu mno, mtu hujinyoosha na kuuvuta mpira siku nzima, na mpira unaovutwa hivyo hauchukui muda kuchanika.

Wako,
Fundi wa kiwandani