Upepo wa tairi upimwe alfajiri, gari likiwa halijatoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wenye magari madogo wa Mbeya, Iringa na Njombe. Wengi wanapima upepo wa matairi wakati usiofaa, kwa geji isiyofaa, tena wakifuata namba isiyowahusu. Matairi yanaisha kabla ya siku zake, mengine yanapasuka njiani na watu ndani. Kazi yenyewe inafanyika nyumbani kabla ya chai.

Namba kwanza. Ile iliyochapwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano PSI 44 au 51 (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo, pauni kwa inchi ya mraba), ni kikomo cha tairi lenyewe. Kiasi ambacho gari lako linahitaji kipo kwenye stika: fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo mlango unapofungia; kwa baadhi ya magari ipo ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Magari yetu mengi yametoka Japani na stika zake ni za Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka. Ukiona 220 kPa (kilopaskali, kipimo kingine cha mgandamizo), na 2.2 kwenye mabano, hiyo ni PSI 32. Gawanya kPa kwa 6.9 utapata PSI: 200 ni 29, 230 ni 33, 250 ni 36. Angalia pia kama saizi ya tairi kwenye stika ndiyo iliyofungwa kwenye gari, na kama mbele na nyuma zimeandikiwa namba tofauti. Stika ikitaja kiasi cha gari lenye mzigo, ukipakia magunia ya viazi fuata hicho.

Namba hiyo ni ya tairi baridi, yaani gari limesimama kwa muda usiopungua saa 3, au limesogea chini ya kilomita 2 kwa mwendo wa taratibu. Tairi likitembea hujipasha moto, upepo unatanuka na geji inapanda kwa PSI 4 hadi 6. Hapo ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Mtu katoka Iringa na PSI 32 sahihi, kashuka mteremko mkali wa Kitonga breki zikichemka mpaka rimu, kasimama Ruaha Mbuyuni kwenye joto, kapima akaona 38. Anatoa upepo mpaka 32. Kesho yake alfajiri tairi lile lina 27 au chini ya hapo. Tairi lenye upepo pungufu hukunjika ubavu kila linapozunguka, linachemka kwa ndani, na mwendo wa kasi unamalizia. Kwa hiyo tairi la moto usilipunguze upepo. Liache lipoe, ndipo upime.

Baridi yetu nayo ina hesabu zake. Kila nyuzijoto 10 zinazoshuka huondoa karibu PSI moja na nusu kwenye tairi la PSI 32. Tairi lililojazwa mchana wa Machi halitasoma vilevile asubuhi ya Julai huko Makete au Njombe, hata kama halina tundu. Mwinuko pia unagusa geji, kwa sababu geji inasoma tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje. Hewa ya Dar es Salaam inakandamiza kwa PSI 14.7, ya Mbeya mjini kwenye mita 1,700 hivi ni kama 12. Aliyepanda kutoka pwani ataongezewa PSI 2 na zaidi na mwinuko, huku baridi ikimpunguzia karibu hizohizo. Hakuna haja ya kukokotoa. Pima asubuhi ya kwanza baada ya kufika, na anayeteremka Kyela afanye vivyo hivyo.

Geji sasa. Vijiwe vingi vya pancha kando ya barabara kuu vinahudumia malori, ambayo matairi yake hujazwa PSI 100 na zaidi, hivyo geji zao hufika 150 au 170. Geji ya mshale hukosea kwa asilimia ya kipimo chake chote. Asilimia 2 ya 160 ni zaidi ya PSI 3, na kwa IST au Noah hiyo ni tofauti kubwa. Nunua geji yako inayoishia 60. Kabla ya kupima, mshale uwe umekaa kwenye sifuri. Ilinganishe na geji nyingine mbili au tatu kwenye tairi hilohilo moja, likiwa baridi. Ikizidi kwa 1 kila mara, iandike nyuma kwa kalamu ya wino mzito na uitoe kila unapopima. Ikidondoka kwenye sakafu, ilinganishe upya.

Kupima kwenyewe: fungua kifuniko cha valvu, futa vumbi, sukuma geji moja kwa moja bila kuilaza. Ukisikia mlio mfupi ukakatika, sawa. Ukiendelea kusikia upepo unatoka huku unasoma, namba hiyo ni ya uongo, nayo siku zote inadanganya kwa kushusha. Pima mara tatu. Ukipata 30, 32, 32, chukua 32. Fanya hivyo kabla jua halijapiga gari, kwa sababu matairi ya upande wa jua husoma juu kuliko ya kivulini. Kupiga tairi teke au kulitazama kwa jicho hakusaidii, maana matairi ya siku hizi hutuna kidogo chini hata upepo ukiwa kamili.

Kama huna pampu nyumbani, andika upungufu wa kila tairi. Tuseme la mbele kulia lina 27 badala ya 32: pungufu 5. Ukifika kwa fundi, lipime tena kwa geji yako likiwa na joto. Likisoma 29, jaza mpaka 34. Asubuhi inayofuata litakuwa 32 au karibu sana na hapo.

Tairi zima hupoteza PSI 1 au 2 kwa mwezi. Moja likipungua kuliko wenzake, weka povu la sabuni kwenye mdomo wa valvu, kwenye kashata (sehemu inayokanyaga barabara) na pale tairi linapokutana na rimu. Penye tundu patatoa mapovu. Kifuniko cha valvu kirudishwe kila mara, hasa kwa wanaotembea barabara za vumbi, kwani mchanga ukiingia ndani valvu haizibi tena.

Spea isisahauliwe. Ile nyembamba ya muda inahitaji 420 kPa, yaani PSI 60 au 61, na hapo geji ya 60 inafika mwisho wake. Tumia ya fundi. Nawaomba pia wenye sheli za barabara kuu, kuanzia Iringa mpaka Tunduma, watundike geji ya magari madogo pembeni ya ile ya malori.

Fundi magari,
Uyole, Mbeya