Salamu za Krismasi kutoka Soroti, kwa walioshika zamu angani

Ndugu zangu mlioko Entebbe, Gulu, Nairobi, Dar es Salaam na kokote mlikotawanyika, nawasalimu kutoka Soroti. Mvua zimekatika huku. Nyasi zimeanza kugeuka manjano, vumbi limerudi barabarani, na mabasi ya kutoka Kampala yanashusha watu usiku na mchana, kila mmoja na mzigo wake kichwani. Nyumbani kwetu akina mama wanaandaa ajon, pombe yetu ya ulezi. Siku ya Krismasi tutakizunguka chungu kimoja kama kawaida, kila mtu na mrija wake.

Kabla ya hapo nina neno moja la moyoni.

Jumamosi iliyopita zilikusanyika hapa familia za marubani, mafundi na askari wa anga kutoka Uganda, Kenya na Tanzania, kuwakumbuka waliotangulia mbele za haki. Ibada iliendeshwa kwa Kiswahili, na sidhani kuna aliyeshangaa. Sisi tuliosoma ufundi katika chuo cha urubani cha hapa Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima, tulizungumza Kiswahili chini ya bawa la ndege kila siku. Mteso, Mluguru na Mkalenjin walipeana spana kwa lugha hiyo hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo ilivunjika mwaka 1977, na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likafa nayo, lakini lugha ya hanga, banda la kutengenezea ndege, ilibaki.

Kila familia iliombwa ije na kitu kimoja cha marehemu wake. Mjane mmoja alikuja na ramani. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata mikunjo imetoboka, na juu yake kulikuwa na mistari ya penseli iliyonyooka, vipimo vya dakika vimeandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Akaniita karibu. "Shemeji, unakiona hiki kiduara?" Kilikuwa mbali kidogo na mstari wa safari, mahali pasipo na mji wala mto. "Ni nyumbani kwetu. Aliniambia kila wakipita upande huu anaitafuta nyumba kwanza, halafu anaendelea na kazi." Akaikunja taratibu, akafuata mikunjo ile ile ya mumewe.

Kazi yenyewe ilikuwa upelelezi wa anga, na watu wengi hawaielewi. Ndege ya upelelezi inakwenda kutazama na kurudisha habari. Wengine wote wanaoifuata, wa miguu au wa magari, wanategemea macho ya watu wawili watatu waliotangulia.

Katika ukanda wetu kazi hiyo ina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1914, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya delta ya Rufiji, kwenye mikoko, ambako aliye baharini asingeweza kuiona kirahisi. Aliyeiona kutoka angani ni rubani wa kiraia, Dennis Cutler, akiwa na ndege-maji ndogo. Kabla mwaka haujaisha ndege yake ilishuka hukohuko delta, naye akatekwa. Tarehe 11 Julai 1915 wakapanda wengine wawili, Cull akiwa rubani na Arnold mtazamaji, wakawaelekeza kutoka juu wapiga mizinga wa meli mbili za Waingereza zilizoingia mtoni. Ndege yao ikapigwa. Injini ilikuwa imekwisha, wanateremka kuelekea majini, na Arnold bado anabonyeza kitufe cha redio, anatuma alama za Morse, milio mifupi na mirefu, kuwasahihisha wapiga mizinga. Walianguka mtoni, mashua ikawaokota wakiwa hai. Nimefanya kazi na watu wa redio maisha yangu yote, na kila nikifika hapo kwenye kisa hiki nawaza ule mkono juu ya kitufe. Angekuwa na haki kamili ya kuuachia.

Kuna watangulizi wengine ambao sisi wenyewe tumewasahau, na hili linaniuma. Mwaka 1919 Waingereza walituma vikosi kutayarisha viwanja vya ndege kutoka Cairo hadi Cape. Vichuguu vya mchwa vilivunjwa na kusawazishwa kwa majembe na vibarua wa Kiafrika. Vitabu vinawataja marubani waliopita juu. Miaka ya 1930 ndege-maji za Imperial Airways, shirika la Waingereza, zikawa zinatua Port Bell, juu ya Ziwa Victoria, na abiria lazima waletwe nchi kavu kwa mashua. Waliotayarisha viwanja na waliohudumia ndege ufukweni ni waanzilishi wa usafiri wa anga Uganda sawasawa na aliyeshika usukani. Naomba katika ibada zijazo watajwe, hata kama tutawataja bila majina.

Mwezi Mei 1952 ndege ya Comet ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, ilitua Entebbe, ikiwa katika safari ya kwanza duniani ya jeti ya abiria yenye ratiba, kutoka London hadi Johannesburg. Ilikuwa na namba G-ALYP. Ndege hiyo hiyo ilipasuka hewani karibu na kisiwa cha Elba, Italia, tarehe 10 Januari 1954, wakafa watu wote 35. Baadaye ikajulikana kwamba bodi la ndege lilichoka: kila safari lilikuwa linajazwa hewa ya shinikizo na kupunguzwa, nyufa zikaanza kwenye kona za matundu yaliyokatwa, hadi siku moja likaachia. Mwalimu wetu alitufundisha hilo kwa kukunja kipande cha waya mbele na nyuma mpaka kikakatika, kisha akakipitisha darasani kila mwanafunzi akishike. Kilikuwa bado cha moto. Kila fundi anayepitisha tochi kwenye kona ya dirisha la ndege leo, anafanya hivyo kwa sababu ya wale 35.

Kisha ni wetu wa juzi. Agosti 2012 helikopta za Uganda zilizokuwa zinaelekea Somalia zilianguka katika Mlima Kenya. Wako waliookolewa, na wako ambao familia zao zilikuwa hapa Jumamosi. Mlima ule una mita 5,199. Hewa yenye unyevu ikiupanda hugeuka wingu kwa muda mfupi sana, na kule juu hewa ni nyembamba, rafadha, yaani mapanga ya helikopta, haipati cha kushika. Watu wa Nanyuki, mji ulio chini ya mlima, wanajua. Halafu tarehe 29 Machi 2022, helikopta ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa katika upelelezi huko Rutshuru, Kongo, ilianguka na watu 8 wakafa: Wapakistani 6, Mrusi mmoja na Mserbia mmoja. Hakuna Mganda kati yao. Lakini siku zile zile maelfu walikuwa wanavuka mpaka wa Bunagana kuingia Kisoro, huku Uganda, na watoto mgongoni, na wale 8 walikuwa wamepanda kwenda kuangalia kinachowakimbiza watu hao. Tuliwawashia nao mshumaa. Kijana mmoja aliuliza kama inafaa, na mzee wa kanisa akamjibu, "Mgeni aliyefia njiani akikutazamia usalama wako, huyo ni wa kwenu."

Krismasi inawasifu wachungaji wa kondoo, nasi tunapenda kuimba habari za malaika na nyota. Mimi mwaka huu nimekwama kwenye neno moja dogo: walikuwa wanalinda kundi *kwa zamu*, usiku. Wengine wamelala, wao macho. Nimekula Krismasi nyingi hangani, wali kwenye bakuli la plastiki, nikisubiri ndege ya saa nane usiku, na hata usiku wa tarehe 24 mwaka huu kutakuwa na watu kwenye mnara wa kuongozea ndege Entebbe na kwenye redio, na askari wetu walio mbali. Nina namba za baadhi yao. Nitawapigia simu kabla sijashika mrija wangu. Nanyi kama mna wenu, wapigieni, msingoje wao waanze.

Mama zetu wajane, watoto mliokua bila baba, shemeji yangu wa ramani: Krismasi njema. Ndugu zetu Waislamu mliokuja kusimama nasi, Mungu awalipe kheri. Mwaka Mpya utukute wazima, na kila aliyepaa atue.

Eyalama noi, asanteni sana. Karibuni chunguni.