Mheshimiwa RC wa Tanga, vijana wa ngumi wanaomba ulingo

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo. Nakuandikia kwa ajili ya vijana wa ngumi za ridhaa hapa Tanga mjini, maana kila yakifika mashindano ya dunia ya wanaume watu wanauliza mbona Watanzania hatusikiki, na mi jibu naliona kila jioni huku Ngamiani.

Vijana wanajifua juu ya sementi mheshimiwa. Ulingo wao ni mistari ya chaki, kocha anaichora upya kila siku maana inafutika na miguu, begi limeshindiliwa matambara, glovu wanapokezana zikiwa bado zimelowa jasho. Sasa chaki haina kamba! Bondia akibanwa konani anatoka tu nje ya mstari anarudi, kujinasua kwenye kamba hajawahi kujifunza, halafu huyohuyo ndo akakutane na Mcuba au Muuzbeki aliyekulia kwenye ulingo kamili, mita 6.1 kila upande.

Na ridhaa sio kama kulipwa ambako una raundi 10 au 12 za kumsoma mtu. Huku ni raundi 3 za dakika 3, wanaume tangu 2013 hawavai tena helmeti, na ukipoteza pambano moja tu safari imeisha. Aliyezoea mapambano anaanza kazi kengele ikilia, wa kwetu anayepanda ulingoni kwa nadra raundi ya kwanza yote inaisha bado anatafuta miguu.

Uwezo tunao jamani. Michael Yombayomba alileta dhahabu ya Jumuiya ya Madola kutoka Kuala Lumpur 1998, na 2022 Birmingham Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike wakarudi na shaba. Tena hukohuko Birmingham, 2018, Hassan Mwakinyo wetu wa Tanga alimmaliza Mwingereza Sam Eggington raundi ya 2 tu, ingawa hizo zilikuwa za kulipwa.

Tunachoomba ni ulingo mmoja wa kudumu, iwe pale uwanja wa Mkwakwani au popote penye paa, sio ule wa kukodi unaofungwa usiku wa pambano asubuhi uko kwenye lori unarudi Dar. Na mapambano ya ridhaa kila mwezi, Muheza, Korogwe, Pangani wote walete vijana wao, hata kiingilio kisiwepo.

Mazoezi yanaanza saa kumi na moja jioni mheshimiwa, njoo hata bila taarifa, kocha utamkuta.

Mkazi wa Ngamiani, Tanga