Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama: boriti, chokaa na kodi za Mji Mkongwe

Assalaam alaykum, wazee wetu, mabibi na mabwana.

Mwaka huu vikao vya kamati ya chama chetu cha wakaazi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, takriban vyote viliishia kwenye boriti. Tulianza na ada, tukaingia kwenye maji machafu ya uchochoroni, mwisho mtu akanyoosha mkono kusema dari ya chumba chake imeshuka. Basi taarifa yangu nayo itakaa hapo.

Wakati wa masika niliitwa na bibi mmoja, mwanachama wetu wa mtaa wa Kiponda, anayeishi ghorofa ya pili na wajukuu zake. Alinionesha pale boriti inapoingia ukutani. Nilitia kidole, kikazama mpaka kifundo cha pili. Mti umekuwa unga. Juu yake pana sakafu nzito ya mawe na chokaa, na chini yake ndipo watoto wanapolala. Alikuwa ameikingia gogo la mnazi.

Aliomba kibali cha kutengeneza. Utaratibu wa uhifadhi unamtaka atumie boriti na chokaa, si nondo na saruji. Mimi nasema utaratibu huo una haki. Kuta zetu ni za matumbawe, zinapumua kwa chokaa. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu hubaki ndani, chumvi hupanda, na ukuta huoza huku kwa nje unang'ara. Hata wembamba wa vyumba vyetu unatokana na boriti, kwa kuwa mti wenyewe hauvuki zaidi ya mita tatu na kitu.

Lakini boriti ni mikoko, na mikoko nayo inalindwa. Ndiyo inayozuia bahari isile pwani, na ndimo kaa na samaki wanamozalia. Kuikata kunataka kibali cha watu wa misitu. Mchanga hauchimbwi ila kwa utaratibu wake, na chokaa huchomwa kwa magogo mengi. Bibi yetu yuko baina ya sheria mbili, zote njema, kila moja ina ofisi yake: hii inamwambia atumie mti ule na si mwengine, ile inamwambia mti ule hauguswi ovyo. Alizunguka na faili lake miezi mitano. Mwenye fedha humtuma mtu amzungukie. Yeye alikwenda kwa miguu yake.

Vijana huuliza imekuwaje watu wa hali ya chini wakaishi kwenye majumba haya. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali na watu wakapewa vyumba, na nyumba iliyojengwa kwa tajiri mmoja ikaingia familia tano au sita. Nyengine ni za wakfu. Kodi yake ni ndogo, na hiyo ndiyo iliyotuweka mjini mpaka leo. Ila kodi hiyo haimlipi fundi. Mamlaka ya Mji Mkongwe ilianzishwa 1985, sheria yake ikaja 1994, na UNESCO ikatuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hatua zote hizo zimetaja jinsi ya kuitengeneza nyumba. Mkaazi ataitengeneza kwa fedha gani, hapo pamebaki wazi, na hoteli ndiyo iliyoingia. Anayetia fedha nyingi anataka zirudi, na mgeni wa usiku mmoja huzirudisha upesi kuliko mpangaji.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, kasri la zamani la masultani hapa mjini, ilianguka, watu wawili wakafariki. Jengo lile lilikuwa katika matengenezo, na dunia nzima inalijua. Tangu siku ile kila nisikiapo mchanga unadondoka darini, moyo hunienda mbio.

Baadhi ya wanachama walipendekeza tudai sheria ziondolewe, zijengwe fleti kama za Michenzani. Niliwapinga kikaoni na nawapinga tena hapa. Fleti zinahitajika, zijengwe penye nafasi. Humu ndani sijaona nyumba iliyovunjwa ikawarudisha wapangaji walewale.

Tulichokiomba kwa maandishi ni mambo matatu. Boriti inayotishia maisha ipewe kibali cha dharura, afisa wa majengo na wa misitu wakae meza moja. Mikoko inayoruhusiwa kukatwa, itengwe sehemu kwa nyumba za wakaazi kabla ya mahoteli, nasi tutakwenda kupanda mengine. Na nyumba ya serikali au ya wakfu ikitengenezwa, waliokuwamo warudi, kwa mkataba wa maandishi. Kwa mawili ya mwanzo tumesikilizwa vizuri. La tatu halijajibiwa, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Ada zimekusanywa; mtunza fedha atazisoma. Sehemu yake tumenunulia chokaa ya pamoja, imo shimoni uani, imerowekwa na kufunikwa magunia tangu mfungo mosi. Sasa imelainika kama siagi. Fundi wetu mzee anawafundisha vijana watatu kuitwanga na kuipiga.

Kibali cha bibi wa Kiponda kimetoka, na boriti zake nane ziko chini ya ngazi. Jumamosi baada ya alasiri tunazipandisha. Ngazi ni nyembamba, tunahitaji watu kumi.